Katoka Benchi, Kawaka: Atadumu?

MWALIMU WA MICHEZO: Mimi nasema mchezaji aliyetoka benchi akawaka anaweza kudumu, na naanza na mfano wa mbali kwa sababu ndio ulio wazi kuliko yote. Jeremy Lin, New York, Februari 2012. Alimaliza Harvard mwaka 2010, timu zote za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zikampita siku ya kuchagua wachezaji wapya. Golden State wakamchukua, wakamwacha Desemba 2011. Houston wakamchukua, wakamwacha mkesha wa Krismasi. Knicks wa New York wakamwokota kwa kuwa mlinzi wao ameumia, naye akawa analala kwenye kochi nyumbani kwa kaka yake. Tarehe 4 Februari kocha kaishiwa watu, akamwingiza. Pointi 25. Mechi iliyofuata akaanza: 28. Kisha 23. Kisha wakaja Lakers wa Kobe Bryant, akawafunga 38. Halafu 20, halafu 27 kule Toronto, na mtupo wake wa mwisho ukaingia imebaki nusu sekunde. Knicks walishinda mechi saba mfululizo. Mtu wa namna hiyo utasema kabahatisha?

MZEE WA DELTA: Umehesabu saba, Mwalimu. Ya nane je?

MWALIMU WA MICHEZO: Walifungwa na New Orleans.

MCHEZAJI: Na alipoteza mpira mara tisa, Babu. Wiki haijaisha wakaenda Miami. Pale alitupa mara kumi na moja, ukaingia mmoja. Walinzi wa Miami walimfuata tangu nusu ya kwao, hawakumpa hata nafasi ya kuinua kichwa.

MZEE WA DELTA: Ndiyo hayo ninayosema mimi. Mgeni hajulikani njia zake. Akishajulikana, anakuta zimezibwa.

MWALIMU WA MICHEZO: Lakini zilizibwa kwa sababu alikuwa hatari, Mzee. Hakuna timu inayokaa usiku kucha kumsoma mchezaji asiye na kitu. Na akishasomwa ndipo kazi yake inapoanza. Lin alikuwa anapenya kulia: mwenzake anasimama kumkinga mlinzi, yeye anapita pembeni, akifika ndani anaamua kufunga au kutoa pasi. Walipojua, wakawa wanamsukumia kushoto. Yeye akajifunza njia nyingine, akaendelea kupata kazi katika ligi ile mpaka mwaka 2019. Mechi 480. Wapo vijana wengi waliochaguliwa kwa vigelegele ambao hawakufika hata mia.

MZEE WA DELTA: Mechi 480 ni mkate wa mtu, siudharau. Ila swali letu ni moto ule wa Februari. Ulirudi?

MWANDISHI: Niliweke kwa tarakimu ili tusizunguke. Msimu ule na Knicks, Lin alimaliza na wastani wa pointi 14.6 kwa mechi. Ukichukua maisha yake yote ya NBA, wastani ni 11.6. Hakufika tena kule alikokuwa zile wiki mbili, wala hakuanguka chini kama wengi walivyotabiri. Sasa niambieni, hapo tuseme kashuka au katulia?

MWALIMU WA MICHEZO: Katulia.

MZEE WA DELTA: Kashuka. Kwani mimi nimekataa mtu kushuka? Ninachokataa ni kumwambia mtoto kwamba atakaa juu. Sisi wengine tulifundishwa na mkimbiaji Filbert Bayi. Februari 1974, Christchurch, mita 1,500. Tangu mlio wa bastola yuko mbele, na mbele akabaki mpaka utepe, dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Redio ilipotangaza, watu walitoka nje. Na yule hakuwa wa kuzuka, maana mwaka mmoja nyuma alikwisha kushinda Lagos kwenye michezo ya Afrika. Mwaka 1975 kule Kingston akachukua na rekodi ya maili moja. Mguu uko vile vile, pumzi iko vile vile. Ukaja mwaka 1976, nchi za Afrika zikasusia Montreal, naye akabaki nyumbani. Miaka minne ya kungoja. Moscow 1980 akapata medali ya fedha, tena kwa mbio nyingine, zile za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Sasa mtu aliyejengeka kama Bayi inafika siku dunia inamfungia mlango bila kosa lake. Huyu aliyewaka wiki mbili ana nini cha kumlinda?

MWALIMU WA MICHEZO: Mzee, mfano huo huo unakugeuka. Miaka minne na mlango umefungwa, bado alipanda jukwaani. Huko ndiko kudumu ninakokusema.

MZEE WA DELTA: Kwa sababu hakuwa wa ghafla!

MWALIMU WA MICHEZO: Na nani kakwambia Lin alikuwa wa ghafla? Siku chache kabla ya moto ule, Knicks walimtuma kucheza na Erie BayHawks, timu ya ligi ya chini. Tarehe 20 Januari 2012 alifunga pointi 28, pasi za mabao 12, ribaundi 11. Katika mechi moja.  Alikuwa ameshaiva, ila sufuria lilikuwa kwenye jiko la uani.

MCHEZAJI: Hapo ndipo na mimi nataka kusema, maana mnazungumza kama vile mtu aliyepuuzwa anaanza kuishi siku anayoonekana. Mimi nimetoka visiwani, ndani kabisa ya delta. Kwenda Nyamisati lazima ufuate maji. Maji yakikupwa, mashua inakaa topeni na wewe unakaa. Mechi ya saa nne asubuhi unaondoka nyumbani usiku. Goli letu la kwanza lilikuwa boriti mbili za mkoko, ubao uliopigiliwa, na ringi ya nondo aliyotuchomelea fundi. Chini mchanga. Mpira kwenye mchanga haudundi, unakufa pale pale ulipoangukia. Kwa hiyo tukazoea kutodunda. Ukipokea, macho yameshaona pasi inakwenda wapi, unaachia. Nilipofika shule ya bweni Kibiti nikakuta sakafu ya saruji, mpira unarudi mkononi wenyewe, nikaona kama nimepewa mkono wa tatu. Walioniona mwaka huu wakasema, huyu kazuka wapi? Sikuzuka. Pasi zile nimezipiga tangu darasa la tano.

MWALIMU WA MICHEZO: Mzee, umemsikia.

MCHEZAJI: Na wewe Mwalimu nisikilize, samahani. Nilikaa benchi lako mwaka mzima. Uliniona siku gani?

MWALIMU WA MICHEZO: Nilikuwa nakuona mazoezini.

MCHEZAJI: Uliniingiza siku gani?

MWALIMU WA MICHEZO: Mwenzako alipoteguka mguu.

MCHEZAJI: Kama Knicks na Lin. Mlinzi wao angekuwa mzima, Lin angerudi kwenye kochi la kaka yake, na leo tusingekuwa na mjadala huu. Mnauliza kama mchezaji atadumu. Kwa nini hamwulizi kocha kama macho yake yatadumu?

MWALIMU WA MICHEZO: Uwanjani wanaingia watano. Ninapochagua timu ya kwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nina msichana aliyekwisha kucheza ngazi ya mkoa mara mbili, anajua kelele za uwanja, anajua refa mkali. Nina mwingine ambaye mazoezini anapendeza lakini sijamwona akifungwa pointi kumi na robo ya mwisho imeanza. Nitampeleka ninayemjua. Kocha yeyote atafanya hivyo, na nitafanya tena. Mchezaji mzuri wa mazoezini aliyeniangusha kwenye mechi ninaye kila mwaka.

MCHEZAJI: Huwezi kuniona nikifungwa pointi kumi robo ya mwisho kama huniingizi robo ya mwisho.

MZEE WA DELTA: Mjukuu wangu kasema kweli, Mwalimu, japo katika hili la kuchagua timu mimi nipo upande wako, si wake.

MWANDISHI: Niongeze jina ambalo vijiweni hutajwa kwa kicheko, na kicheko hicho kinaniudhi. Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar es Salaam, mita 2.21, aliyeanza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15. Huyu hakupuuzwa hata dakika moja. Chuo Kikuu cha Connecticut kilimchukua, akawa mlinzi bora wa ligi yao mwaka 2008 na tena 2009. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika Marekani nzima, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujaisha, wakamshusha ligi ya chini, Dakota Wizards. Alizunguka Houston, Portland, Oklahoma City, na mwaka 2014 NBA ikaisha kwake. Lin hakutazamwa na mtu, Thabeet alitazamwa na kila mtu. Miaka ikapita, wote wawili wakajikuta wanacheza Taiwan. Mimi sioni cha kuchekwa kwa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Naona watu waliompa nafasi ya pili duniani kisha hawakumpa muda wa kujifunza kazi.

MZEE WA DELTA: Basi hata kuonwa mapema hakusaidii.

MWALIMU WA MICHEZO: Kunasaidia ukipewa na muda. Curry yule aliyetajwa, miaka yake ya mwanzo kifundo kilimsumbua mpaka watu wakasema hatafika. Timu yake ikavumilia. Thabeet hakuvumiliwa.

MZEE WA DELTA: Twende kwa wasio warefu. Mwakinyo.

MWALIMU WA MICHEZO: Nilikuwa nakusubiri umtaje! Hassan Mwakinyo, bondia wa Tanga. Tarehe 8 Septemba 2018, Birmingham. Aliitwa dakika za mwisho kujaza nafasi, mpinzani ni Sam Eggington, Mwingereza, yuko kwao, na ukumbi mzima wake. Waliomwita walitaka mtu wa kupigwa. Raundi ya pili refa akasimamisha pambano, mkono ulioinuliwa ni wa Mtanzania. Watu wakasema kabahatisha, maneno haya haya. Machi 2019 akampiga Mwargentina Sergio Gonzalez pale Nairobi. Mwaka 2021 Dar es Salaam akamwangusha Julius Indongo, Mnamibia aliyekwisha kuwa bingwa wa dunia. Kuanzia usiku ule wa Birmingham alikaa karibu miaka minne bila kupoteza. Bahati gani hiyo inayokaa miaka minne?

MZEE WA DELTA: Septemba 2022. Liverpool. Liam Smith.

MWALIMU WA MICHEZO: Alisema kifundo cha mguu.

MZEE WA DELTA: Raundi ya nne.

MWALIMU WA MICHEZO: Ni kifundo, Mzee.

TABIBU: Mnapita juu juu kwenye jambo langu. Kila hadithi mliyoitaja ina kiungo. Lin alisimama mwishoni mwa Machi 2012 kwa goti, ikabidi apasuliwe. Mechi za mtoano hakucheza. Oktoba 2017 akiwa Brooklyn, mechi ya kwanza kabisa ya msimu, kano ya chini ya pia ya goti ikakatika, msimu ukaishia hapo. Sisemi kwamba kuwaka kwake ndiko kulikomvunja, hilo mimi siwezi kulithibitisha na hakuna mwenye kulithibitisha. Ninachokiona kituoni ni hiki: mchezaji wa akiba mwili wake umezoea dakika chache. Siku akiwaka anachezeshwa mechi nzima, kesho nzima tena, kesho kutwa nzima, kwa sababu kila mtu anataka moto usizimike. Kocha anataka, shule inataka, na yeye mwenyewe ndiye anayetaka kuliko wote, hatasema kwamba anaumwa. Analeta goti limevimba baada ya wiki mbili, anakwambia limeanza leo.

MCHEZAJI: Ukisema unaumwa, nafasi inarudi kwa mwenyewe.

TABIBU: Unaona? Hajavimba bado na jibu analo tayari.

MWALIMU WA MICHEZO: Daktari, mashindano ni siku chache. Nikimpumzisha leo, kesho tumeshatolewa.

TABIBU: Na kidato cha sita atacheza na goti la nani?

MZEE WA DELTA: Ngojeni. Niseme la kwangu kwa jinsi ninavyolijua. Sisi wa bondeni Rufiji mafuriko hayatushangazi. Masika maji yanapanda, yanafunika shamba, yanakaa, yanaondoka. Hakuna mkulima anayeomba maji yabaki. Tunachongoja ni tope linaloachwa. Maji yakivuta tu, udongo ungali na unyevu, unashuka na mahindi, kunde, maboga, unapanda mlau. Aliye na mbegu ndani anapanda wiki ile. Aliyekuwa bado anatafuta mbegu, akirudi udongo umeshapasuka. Kwa hiyo mimi nikisema moto wa mtoto huyu hautadumu, sijamlaani. Namwuliza ana mbegu gani.

MWALIMU WA MICHEZO: Lin alikuwa nayo. Julai 2012 Houston, wale wale waliomwacha, wakamsainisha miaka mitatu kwa dola milioni 25.

MZEE WA DELTA: Hizo ni fedha. Mbegu ni shahada yake ya uchumi ya Harvard, aliyokuwa nayo mfukoni kabla hajafunga hata kikapu kimoja cha NBA. Angeachwa na Knicks pia asingekufa njaa. Mtupe mtoto wetu kwenye kikapu na kidato cha sita kafeli, tuone.

MCHEZAJI: Babu, Aprili 2024 maji yalipokuja Kibiti na Rufiji yalichukua na ghala. Wapo waliokuwa na mbegu ndani na hawakupanda.

MZEE WA DELTA: Yalichukua. Langu pia.

MCHEZAJI: Basi usiniambie mwenye akiba ndiye anayesalimika. Wengine tunasoma na bado hatujui kama kuna nafasi mbele. Kikapu hakinipunguzii masomo. Tangu nimeanza kucheza mechi ndipo walimu wengine wamejua jina langu, na nikiuliza swali darasani nasikilizwa. Mnasema nisitegemee kuonekana. Mtu ambaye hajawahi kukosa kuonekana ndiye anayeweza kusema hivyo kirahisi.

MWANDISHI: Hilo lijibiwe, lisipitwe. Mzee?

MZEE WA DELTA: Sina jibu la kumvunja. Nitasema tu kwamba nimewaona waliotoka huku wakasifiwa mwaka mmoja, wakakaa Dar es Salaam wakingoja kusifiwa tena, wakaona haya kurudi. Shamba limegawanywa, mashua imeuzwa. Sifa iliwaharibia kurudi kuliko ilivyowasaidia kwenda.

MWALIMU WA MICHEZO: Kwa sababu waliambiwa wao ni nyota, hawakuambiwa wao ni wanafunzi wa kazi. Bayi baada ya mbio alijenga shule, ziko Kibaha, mkoa huu huu wetu. Lin baada ya NBA alikwenda Beijing, akaenda Taiwan, akachukua ubingwa na New Taipei Kings, akastaafu Agosti 2025 akiwa na miaka 37. Alicheza miaka 13 baada ya wiki mbili zile. Hata pete ya ubingwa wa NBA aliivaa na Toronto mwaka 2019.

MCHEZAJI: Hiyo pete alikuwa benchi karibu mashindano yote ya mtoano.

MWALIMU WA MICHEZO: Ndiyo. Na alikaa benchi akiwa tayari. Wangapi wanaweza kurudi benchi baada ya kuimbwa na jiji zima? Hapo ndipo ninapopima kudumu. Pointi 38 dhidi ya Lakers mtu anaweza kuzipata usiku mmoja. Kuamka asubuhi ya baada ya Miami, umetupa kumi na moja umeingiza mmoja, dunia nzima inasema tulijua, na ukaenda mazoezini, hilo halibahatishwi.

MZEE WA DELTA: Hapo nakubali nusu.

MWALIMU WA MICHEZO: Nusu ipi?

MZEE WA DELTA: Kwamba yeye alidumu. Sijakubali kwamba huyu wetu atadumu. Lin alikuwa na kocha Mike D'Antoni ambaye mchezo wake ulimfaa, na D'Antoni alipoondoka Machi mwaka ule mambo yakabadilika. Hiyo ni New York, yenye makocha wa kila kitu. Hapa yupo Mwalimu mmoja, mipira miwili, na daktari anayetibu malaria asubuhi na magoti jioni. Ukihamishwa mwakani, Mwalimu, nani atajua kwamba mtoto huyu anapiga pasi kabla hajadunda? Atakuja mwingine, atamwona hadundi, atamrudisha benchi.

MWALIMU WA MICHEZO: Nitaandika. Kila mchezaji na alichonacho.

MZEE WA DELTA: Uliandika alipokuwa benchi?

TABIBU: Na kama unaandika, andika dakika. Kacheza ngapi, kapumzika siku ngapi, goti linasemaje. Hiyo haihitaji New York, inahitaji daftari la mraba na kalamu.

MWALIMU WA MICHEZO: Nitaandika na hizo. Lakini robo fainali lazima acheze.

TABIBU: Acheze nusu.

MWALIMU WA MICHEZO: Robo tatu.

MCHEZAJI: Mnanigawana na mimi nipo hapa. Mwalimu, achana na dakika kwanza. Wasichana wa Mkuranga wamenisoma. Mechi iliyopita kila nikipokea walikuwa wamesimama kulia kwangu wawili, wananingoja, kushoto wameacha wazi kwa sababu wanajua sitakwenda. Mkono wangu wa kushoto hauna kitu, kule mchangani sikuuhitaji. Kesho saa kumi na moja alfajiri, kabla ya namba, nipe mpira mmoja na mtu mmoja wa kunizibia kulia.